Vittorio Sella: Mpigapicha wa kipupwe aliyefuata theluji hadi Ikweta

ASUBUHI ya mwezi wa Julai mjini Kitale haina huruma kwa mpigapicha. Mvua ya jana imelowesha nyasi, ukungu umetanda juu ya mashamba ya mahindi na Mlima Elgon, ambao siku njema hujaza upande mzima wa magharibi, hauonekani hata kivuli chake.

Hali ni hiyo hiyo upande wa Bungoma, ambako Wabukusu huuita mlima huo Masaba. Anayesimama Kimilili au Kapsokwony akiwa na kamera mkononi anaweza kungoja tangu alfajiri hadi saa nne, mlima ujitokeze kwa dakika tano, kisha mawingu yaufunike tena mpaka kesho yake.

Wengi hukata tamaa wakalaumu kamera. Wengine hupiga picha kwa pupa na kurudi nyumbani na karatasi ya kijivu ambayo hata mwenye kuipiga hawezi kueleza ni ya nini.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, mtu mmoja alisimama juu ya mlima mwingine wa Afrika Mashariki, magharibi mwa Uganda, katika ukungu mzito kuliko huu na baridi ya theluji. Hakuwa na simu wala kadi ya kuhifadhia picha. Alikuwa na mabamba ya kioo, sanduku la kamera na stendi ya miguu mitatu. Alirudi na picha ambazo wanasayansi wangali wanazichunguza hadi leo.

Mtu huyo ni Vittorio Sella, Mwitaliano aliyejifunza kazi yake katika majira ya baridi ya milima ya Alps, na ambaye wapigapicha wengi wa milima humtaja kama mkubwa wao.

Sella alizaliwa Agosti 28, 1859 katika mji wa Biella, kaskazini mwa Italia, chini ya milima hiyo ya Alps. Familia yake ilikuwa ya watu wenye uwezo, waliojipatia mali kwa viwanda vya kufuma nguo za sufu.

Baba yake, Giuseppe Venanzio Sella, hakuishia katika sufu pekee. Alipenda kemia, na mwaka wa 1856 alichapisha kitabu kuhusu upigaji picha ambacho kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kabisa kuandikwa kwa Kiitaliano kuhusu sanaa hiyo. Wakati huo picha ilikuwa jambo la dawa na vyombo vya maabara kuliko la jicho, na mtoto Vittorio alikua akiinusa dawa hiyo nyumbani.

Amu yake, Quintino Sella, alikuwa waziri wa fedha wa Italia na ndiye aliyeanzisha Klabu ya Wapanda Milima ya nchi hiyo mwaka wa 1863. Kwa hivyo kijana huyo alirithi mambo mawili, kamera kutoka kwa baba na mlima kutoka kwa amu, na akaona hakuna haja ya kuchagua kimoja na kuacha kingine.

Mwaka wa 1879, akiwa na umri wa miaka 20, alipanda Monte Mars, mlima ulio karibu na kwao, ili apige picha ya mandhari yote yanayouzunguka. Alitumia mabamba ya maji, yaani kioo kilichopakwa dawa papo hapo, kikatiwa ndani ya kamera kingali kibichi na kusafishwa kabla ya kukauka. Kwa kifupi, mpigapicha wa nyakati hizo alilazimika kupanda na chumba chake cha giza mgongoni.

Bahati yake ni kwamba muda si mrefu baadaye yalienea mabamba makavu, yaliyotengenezwa kiwandani na kuweza kuhifadhiwa hadi mtu arudi nyumbani. Chumba cha giza kikabaki bondeni. Lakini mzigo haukuisha.

Mwaka wa 1882 Sella alipata kamera kutoka kwa kampuni ya Dallmeyer ya London, iliyotumia mabamba ya sentimita 30 kwa 40. Kamera yenyewe ilikuwa na uzito wa karibu kilo 18 na kila bamba lilikaribia kilo moja. Mtu anayetaka picha 12 alibeba kilo 12 za kioo, na kioo, kama ajuavyo kila aliyesafiri kwa matatu na trei ya mayai, hakitaki mchezo.

Kwa nini basi asichukue kamera ndogo? Jibu ni kwamba siku hizo picha nyingi zilichapishwa kwa kulaza bamba moja kwa moja juu ya karatasi. Ukubwa wa bamba ndio uliokuwa ukubwa wa picha. Aliyetaka kila ufa wa barafu na kila jiwe lionekane hakuwa na njia ya mkato.

Sella alibuni mikoba ya mgongoni na matandiko ya kubebea mizigo ya kwake mwenyewe ili mabamba hayo yasipasuke njiani. Huenda hili likaonekana jambo dogo, lakini ukweli ni kwamba nusu ya sifa yake imo katika mikoba hiyo. Picha iliyopigwa kwa ustadi kileleni na kuvunjika njiani haina tofauti na ile ambayo haikupigwa.

Jambo lililomtenga na wenzake zaidi lilikuwa uamuzi wake wa kupanda milima wakati wa kipupwe. Wapanda milima wa Ulaya walizoea kwenda Julai na Agosti, jua linapokuwa kali, na kuiachia milima upepo na theluji miezi iliyobaki.

Machi 17, 1882 Sella, akiongozwa na Jean-Antoine Carrel, mwongozaji mashuhuri wa bonde la upande wa Italia, aliuvuka Mlima Matterhorn wenye urefu wa mita 4,478 katika majira ya baridi, akipanda upande mmoja na kuteremka upande wa pili. Hakuna aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Mwaka wa 1884 alipanda kilele cha juu cha Monte Rosa wakati wa baridi, na mwaka wa 1888, pamoja na watu wa ukoo wake, akauvuka Mont Blanc mwezi wa Januari.

Ushujaa huo ulimpa jina. Lakini kwa mpigapicha, kipupwe kilikuwa na faida nyingine isiyohusiana na ushujaa.

Wakati wa baridi jua la Ulaya halipandi juu sana. Hupita chini chini, mwanga wake ukija kwa ubavu, na kila tuta la theluji hutupa kivuli chake. Theluji inayoangazwa kutoka juu ya utosi huonekana kama shuka lililotandikwa, jeupe lisilo na kina. Theluji inayoangazwa kwa ubavu huonyesha mikunjo yake yote. Isitoshe, siku ya baridi isiyo na mawingu huwa na hewa kavu na safi, na mlima ulio mbali huonekana kana kwamba unaweza kuguswa kwa mkono.

Sisi wa Ikweta hatuna kipupwe cha namna hiyo. Jua la saa sita mchana hutusimamia utosini karibu mwaka mzima, iwe Januari au Julai. Mwanga wa ubavu aliouwinda Sella hupatikana Kitale na Bungoma kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi alasiri tu, na anayefika na kamera yake saa tano baada ya kunywa chai amekwisha kuukosa.

Tatizo jingine lilikuwa weupe wenyewe. Mabamba ya wakati huo yalihisi sana rangi ya samawati na hayakuhisi vyema rangi ya manjano na nyekundu. Anga ya samawati ilitoka nyeupe kwenye picha, sawa na theluji iliyo chini yake, na mpaka kati ya mlima na mbingu ukapotea. Mpigapicha hakuwa na kipimo cha mwanga ndani ya kamera. Alilazimika kuangalia, kukisia na kuamua ni sekunde ngapi mwanga uingie, akijua kwamba atajua kosa lake wiki kadhaa baadaye, akiwa mbali na mlima.

Ajabu ni kwamba kamera za leo, pamoja na akili zao zote, hukosea mahali pale pale. Zimetengenezwa zikidhani kwamba kila linaloonekana mbele yake, kwa wastani, lina rangi ya kijivu. Zikielekezwa kwenye theluji, au kwenye ukungu mweupe wa Endebess, hupunguza mwanga na kuugeuza weupe kuwa majivu. Tiba yake ni mpigapicha kuongeza mwanga kwa mkono wake kuliko kamera inavyopendekeza. Sella alifikia hesabu hiyo bila mtambo wowote, kwa kuwa hakuwa na mtambo wa kumdanganya.

Mbali na hayo, baridi ina hila zake. Pumzi ya mpigapicha huganda juu ya lenzi. Chuma huuma vidole. Kamera iliyotoka kwenye baridi ikiingizwa ghafla kwenye chumba chenye joto hutoa jasho, na umande huo huingia hadi ndani ya lenzi. Wanaolala Chepkitale, juu ya Elgon, ambako sakitu huonekana kwenye nyasi alfajiri, huweza kulishuhudia hilo hata sasa. Huacha kamera ipate joto polepole ndani ya mfuko wake uliofungwa, na betri huzilaza kifuani, kwani betri iliyopoa huisha nguvu mapema.

Baada ya Alps, Sella alielekea mbali zaidi. Alikwenda milima ya Caucasus mara tatu, mwaka wa 1889, 1890 na 1896, akapanda Elbrus na kuleta picha za mabonde ambayo Ulaya haikuwa imeyaona. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtunuku kwa kazi hiyo mwaka wa 1890.

Mwaka wa 1897 aliandamana na mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, kwenda Alaska, ambako msafara huo ulikuwa wa kwanza kufika kilele cha Mlima Saint Elias. Mwaka wa 1899 aliuzunguka Kangchenjunga katika Himalaya pamoja na Mwingereza Douglas Freshfield. Theluji nyingi iliwaangukia huko na kuwatatiza wapandaji, lakini kwa Sella hiyo ilikuwa neema, kwani milima ilivaa mavazi aliyoyajua.

Freshfield huyo ndiye anayetuleta Afrika. Novemba 1905 alifika Ruwenzori, mlima ulio mpakani mwa Uganda na Kongo, akitaka kuupanda, na hali mbaya ya hewa ikamrudisha. Wenyeji wa huko, Wakonzo, waliijua theluji hiyo tangu zamani na wakaipa jina. Wageni walisimuliana tangu enzi za Wagiriki kuhusu Milima ya Mwezi, na Henry Morton Stanley aliiona kwa mbali mwaka wa 1888, ila hakuna aliyekuwa ameichorea ramani kamili wala kuipiga picha ya kuridhisha. Sababu ni moja: mlima huo hujificha ndani ya mawingu kwa muda mwingi wa mwaka.

Duke wa Abruzzi aliamua kwenda yeye mwenyewe mwaka wa 1906, na akamchukua Sella, aliyekuwa na umri wa miaka 46, na msaidizi wake Erminio Botta. Miongoni mwa waongozaji walikuwamo César Ollier na Joseph Brocherel, ambao hawakuwa wageni Afrika. Hao ndio waliofika kileleni mwa Mlima Kenya pamoja na Halford Mackinder mnamo Septemba 13, 1899.

Msafara uliteremka Mombasa, ukapanda gari moshi la Reli ya Uganda hadi Ziwa Viktoria mahali palipoitwa Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo, kisha meli hadi Entebbe. Ikumbukwe kwamba reli wakati huo iliishia hapo ziwani. Mji wa Kitale ulikuwa haujaanzishwa, na njia ya reli ipitayo Bungoma kuelekea Uganda ilifika Kampala mwaka wa 1931, na Kasese, chini ya Ruwenzori yenyewe, mwaka wa 1956. Laiti Sella angesafiri miaka 50 baadaye, angepita Webuye na Bungoma akiuona Elgon dirishani na kuteremka garini mlangoni mwa mlima alioutaka.

Badala yake walitembea kwa miguu kutoka Entebbe hadi Fort Portal, wapagazi wakiwa wamebeba vyakula, mahema na mabamba ya kioo. Mlimani kwenyewe Wakonzo ndio waliochukua mizigo, wakipita matope ya magotini na magogo yaliyofunikwa kuvumwani, bila viatu wala nguo nzito. Picha za Sella zimejulikana dunia nzima. Majina ya waliobeba vioo vyake hadi juu hayakupata sehemu katika umaarufu huo, na hilo ni deni ambalo historia ya upigaji picha haijalipa.

Kambi kuu iliwekwa Bujongolo, chini ya mwamba ulioinama, karibu mita 3,800 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo Duke na waongozaji wake walifika kilele cha Margherita, chenye urefu wa mita 5,109, mnamo Juni 18, 1906. Katika wiki zilizofuata vilele vyote vikuu vilipandwa, vikapimwa na kupewa majina.

Sella alikuwa na kazi nyingine. Hakutafuta kilele kirefu zaidi bali mahali pa kuonea, na mara nyingi mahali pazuri pa kuonea si kileleni. Aliye juu ya kilele haoni kilele hicho. Hukiona aliye ng'ambo ya bonde.

Juni na Julai ni miezi yenye mvua kidogo katika Ruwenzori, na ndiyo sababu Duke aliichagua. Kitale miezi hiyo hiyo ni ya mvua, na mwenye kutaka kuuona Elgon bila mawingu hungoja Desemba hadi Februari. Kujua kalenda ya mlima ni kazi inayofanywa kabla ya kufungua mfuko wa kamera. Hata hivyo, mvua kidogo ya Ruwenzori ni mvua nyingi mahali pengine popote. Ukungu hufunguka alfajiri kwa muda mfupi, vilele hung'aa, na jua linapoanza kupasha joto mabonde, mvuke hupanda na pazia hufungwa.

Mpigapicha aliyetaka dakika hizo alipaswa kuwa amekwisha kufika mahali pake usiku ungali mbichi, stendi imesimamishwa, bamba limo ndani ya kamera na lenzi imeelekezwa kule anakodhani mlima upo. Pazia lilipofunguka hapakuwa na wakati wa kutafuta kitu mfukoni. Siku ambayo halikufunguka, alikunja vyombo vyake na kurudi kambini, na kesho yake akapanda tena.

Unyevu nao ulikuwa adui. Dawa iliyopakwa juu ya mabamba hushikizwa kwa gundi laini inayonyonya maji, na katika mahali ambapo hata blanketi halikauki, kuyahifadhi mabamba hayo ni kazi ya kila saa.

Kati ya kazi zake mashuhuri ni zile picha ndefu za mandhari nzima, zilizoungwa kutokana na mabamba kadhaa. Ili zikubali kuungana, kamera ilipaswa kusimama sawasawa bila kuinama, kila picha ikanyage kidogo ukingo wa mwenzake, na kiasi cha mwanga kisibadilike kutoka bamba la kwanza hadi la mwisho. Wingu likipita katikati ya kazi, yote huanzwa upya. Siku hizi simu hufanya hivyo kwa kuizungusha tu, na huenda ndiyo maana picha nyingi za aina hiyo zina milima iliyopinda.

Sella hakupiga barafu peke yake. Alipiga miti mikubwa ya senesio na lobelia yenye urefu kuliko mtu, iliyosimama ndani ya ukungu kama watu waliovaa makoti. Mkazi wa Kitale aliyewahi kupanda hadi nyika za juu za Elgon akizitazama picha hizo hataona ugeni, kwani ndugu wa mimea hiyo humea huko pia. Na hapa Sella aliufanya ukungu kuwa rafiki. Mlima wa mbali unapojificha, mti ulio karibu hujitenga na vilivyo nyuma yake, na picha ambayo siku ya jua ingekuwa fujo ya majani hupata utulivu. Huenda asubuhi ya ukungu ya Julai haifai kabisa kwa mlima, lakini ni siku njema kwa mti, uzio, ng'ombe au mtu aendaye shambani.

Kitabu cha msafara huo kiliandikwa na Filippo De Filippi na kutolewa mwaka wa 1908, kikiwa kimejaa picha za Sella. Kwa mara ya kwanza dunia iliona kwa macho kwamba karibu kabisa na Ikweta kuna mito mikubwa ya barafu iteremkayo kati ya vilele.

Wakati huo ilikuwa ajabu ya kijiografia. Leo picha hizo zimegeuka kuwa ushahidi.

Wataalamu hukadiria kwamba mwaka wa 1906 barafu ya Ruwenzori ilifunika karibu kilomita 6.5 za mraba. Kufikia mwaka wa 2003 ilikuwa imepungua hadi chini ya kilomita moja ya mraba, na imeendelea kupungua tangu hapo. Mwaka wa 2006 wanasayansi walibishana iwapo chanzo kikuu ni hewa kuwa na joto zaidi au kuwa kavu zaidi. Jambo ambalo hawakulibishania ni hali ilivyokuwa karne moja kabla, kwa kuwa walikuwa na picha za Sella mkononi. Mtu husimama pale aliposimama yeye, huelekeza kamera kule kule, na kulinganisha mwamba kwa mwamba.

Ulinganisho huo unawezekana kwa sababu picha zile zilipigwa kwa ukamilifu, zikiwa na ncha za miamba zinazotambulika, na mahali zilikopigwa pakajulikana. Kama angepiga kwa haraka, au angeridhika na kamera nyepesi na bamba dogo, zingebaki pambo la ukutani.

Elgon hauna barafu ya kudumu, ingawa wenyewe ulikuwa nayo katika enzi za barafu za kale. Kinachoweza kupungua hapa ni msitu na maji, ambayo watu wa Trans Nzoia na Bungoma huyategemea kwa mahindi, mifugo na mabomba ya nyumbani. Mwenye kamera Kitale au Kimilili anayechagua jiwe moja, akasimama juu yake kila Januari saa moja asubuhi na kuupiga mlima kwa lenzi ile ile, baada ya miaka 20 atakuwa na kitu ambacho ofisi nyingi hazina.

Baada ya Afrika, Sella alisafiri na Duke mara moja zaidi. Mwaka wa 1909, akiwa karibu na miaka 50, alikwenda mlima wa K2 katika safu ya Karakoram. Kilele hakikufikiwa, lakini picha alizopiga za mlima huo na barafu ya Baltoro zilitumiwa na wapandaji waliofuata kutafuta njia kwa miaka mingi.

Aliporudi kutoka K2 misafara mikubwa ilimwishia. Hakuacha mlima hata hivyo. Akiwa na umri wa miaka 76 alianza tena kuupanda Matterhorn, ule ule aliouvuka wakati wa baridi akiwa kijana wa miaka 22, na akarudi njiani baada ya ajali iliyomjeruhi mmoja wa waongozaji wake.

Alifariki dunia mjini Biella Agosti 12, 1943, Italia ikiwa katikati ya vita na watu wakiwa na mambo mengine ya kuwaza. Miaka mitatu baadaye, Mmarekani Ansel Adams, ambaye mwenyewe alikuwa bingwa wa picha za milima, aliandika makala ya kumsifu na kukiri ukubwa wake. Mabamba yake ya kioo yamehifadhiwa katika mji huo wa Biella na wakfu wenye jina la ukoo wao.

Ruwenzori nayo ina jina lake. Mlima wa kusini katika safu hiyo, Duke alitaka uitwe kwa heshima ya Joseph Thomson, yule msafiri Mskoti aliyefika kwenye mapango ya Elgon mwaka wa 1883. Chama cha Jiografia cha London kikapendekeza uitwe kwa jina la Duke mwenyewe, na ndivyo ulivyo hadi sasa, Luigi di Savoia.

Kimoja cha vilele vya mlima huo, chenye urefu wa zaidi ya mita 4,600, kinaitwa Sella. Barafu iliyokuwa juu ya mlima huo mwaka wa 1906 imekwisha yote, na anayetaka kuiona hutazama picha.